Wahubiri Wanaoikimbia Sura ya Nne

Kuna kitabu kimoja cha Biblia ambacho nimekisikia kikihubiriwa pengine mara hamsini, na katika mara zote hizo sijawahi kuusikia mwisho wake. Ni Yona. Ukikaa Jeevanjee saa saba mchana, pale wahubiri wanapogawana bustani na watu waliojilaza wakingoja saa nane, utamsikia Yona. Utamsikia kwenye matatu za Rongai, mhubiri amesimama katikati ya viti akijishikilia kwa mkono mmoja, konda akimwangalia kwa jicho la maliza basi nikusanye pesa. Utamsikia redioni alfajiri. Na hadithi ni ileile: Mungu alimtuma, akakataa, akapanda meli, dhoruba ikaja, akatupwa baharini, akamezwa, akaomba, akatapikwa. Usimkimbie Mungu. Toa sadaka. Amina.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mkia wa samaki kwenye igizo la Shule ya Jumapili. Mbele yangu kulikuwa na watoto wawili, mmoja kichwa na mwingine tumbo, na juu yetu shuka la kijivu. Tulimtapika Yona, wazazi wakapiga makofi, tukapewa soda.

Hapo ni mwisho wa sura ya pili. Kitabu kina nne. Samaki mwenyewe anatajwa katika aya tatu tu za kitabu kizima, na wala hakuitwa nyangumi. Huyo nyangumi tumemleta sisi. Kilichomfanya mwandishi akae chini aandike kiko katika zile sura mbili ambazo mahubiri huwa hayafiki, na hasa ya nne, ambapo nabii wa Mungu anamkasirikia Mungu kwa sababu amesamehe. Nadhani wahubiri wetu wanaikimbia sura hiyo kama Yona alivyoikimbia Ninawi. Na wana sababu. Ukiisoma vizuri inauliza maswali ambayo nchi hii haipendi kuulizwa Jumapili asubuhi.

Hebu twende polepole. Katika sura ya tatu Yona, akiwa ameshakauka maji ya bahari, anaingia Ninawi na kuhubiri. Kwa Kiebrania mahubiri yake ni maneno matano. Hataji dhambi yoyote. Hasemi mkitubu mtapona. Hataji hata jina la aliyemtuma. Siku 40 zimebaki, mji huu umekwisha, kwaheri. Ni kama mtu aliyelazimishwa kusoma tangazo. Lakini mji mzima unatubu, kuanzia mfalme hadi mifugo. Sitanii: ng'ombe na kondoo nao wanafunga kula na kuvishwa magunia. Huyu mwandishi alikuwa mcheshi, na mimi humwona akitabasamu kila nikifika kwa wale ng'ombe waliovaa gunia.

Neno la mwisho kati ya yale matano lina ujanja ndani yake. Biblia ya Union ya 1952, ambayo nimekulia, imelitafsiri kama kuangamizwa. Kitenzi cha Kiebrania kina maana ya kupinduliwa, na ni kilekile kinachotumika Sodoma inapopinduliwa, ila pia kinaweza kumaanisha kugeuka na kuwa kitu kingine. Kiswahili kingeweza kuucheza mchezo huu bila jasho. Mji uliopinduliwa unaweza kuwa kifusi, na unaweza pia kuwa umepata mapinduzi. Yona alitaka maana ya kwanza, ikatimia ya pili. Kwa hivyo unabii wake haukuanguka hata kidogo, na hilo ndilo linalomchoma.

Sura ya nne inaanza na hasira. Yona anamwambia Mungu, kwa maneno yangu: si hili ndilo nililosema tangu nikiwa nyumbani? Ndiyo maana nilikimbia. Nilijua wewe ni mpole, una huruma, hukasiriki upesi, na mwisho wa siku utawahurumia hawa watu. Sasa niue tu.

Hapo ndipo tunapojua sababu ya safari nzima ya melini, na si ile tuliyofundishwa. Tuliambiwa Yona aliogopa, au alikuwa mvivu, au alikuwa na kiburi. Kumbe alikuwa anamjua Mungu vizuri kupita kiasi. Hakuogopa kwamba Ninawi ingemuua. Aliogopa kwamba ingesamehewa.

Ili kuielewa hofu hiyo lazima tutoke Jeevanjee na kwenda mpaka Ninawi yenyewe. Magofu yake yako ng'ambo ya mto Tigri, mkabala na Mosul ya leo, nchini Iraki. Ulikuwa mji mkuu wa Ashuru chini ya mfalme Senakeribu, ambaye aliuteka mji wa Lakishi katika Yuda mwaka 701 KK, kisha akachongesha ushindi huo kwenye kuta za jumba lake. Mawe hayo yako London leo, katika British Museum. Yanaonyesha watu waliotundikwa kwenye miti iliyochongoka, watu wanaochunwa ngozi, na familia zinazohamishwa, vitu vyao vya nyumbani juu ya mikokoteni ya ng'ombe, watoto juu ya mizigo. Usisahau nani alichonga. Hii haikuwa propaganda ya maadui wa Ashuru. Ni Ashuru wenyewe, wakijisifu. Kwa lugha ya leo, walijirekodi na kujiposti.

Na kabla ya Lakishi, mwaka 722 KK, Ashuru walikuwa wameshaimaliza Samaria, yaani ufalme wa kaskazini wa Israeli. Kwao Yona. Kitabu cha Pili cha Wafalme kinamtaja kwa sentensi moja: mtu wa Gath-heferi, enzi ya Yeroboamu wa pili, aliyetabiri kwamba mipaka ya nchi ingerudishwa. Nabii wa habari njema kwa ikulu, kwa ufupi. (Wako, tunawajua.) Lakini wasomi wengi wanaona kitabu hiki chenye jina lake kiliandikwa muda mrefu baadaye, baada ya uhamisho. Maana yake ni kwamba waliokisoma kwanza walijua kitu ambacho Yona wa kwenye hadithi bado hajakiona. Walijua kwamba mji huu uliosamehewa ulikuja kuwachinja babu zao.

Ukisoma kwa macho hayo, kitabu hakiwi tena hadithi ya watoto. Kinakuwa swali gumu kuliko yote niliyowahi kuyakuta katika imani hii: je, Mungu ana haki ya kumsamehe mtu kwa niaba yangu, mtu ambaye mimi ndiye nilimpata akinichomea nyumba?

Yona anayo silaha ya kumjibu Mungu, na cha ajabu ni kwamba anaitumia nusu. Maneno yake kuhusu upole na huruma hakuyatunga. Yanatoka kitabu cha Kutoka, sura ya 34, Mungu anapojieleza mbele ya Musa. Pale kauli hiyo ina pande mbili. Upande wa kwanza ni huruma, upole, kusamehe. Wa pili unasema kwamba huyohuyo Mungu hamhesabu mwenye hatia kuwa hana hatia. Yona anaukariri wa kwanza kwa uchungu na kuukata wa pili. Mahali pake anaweka malalamiko kwamba Mungu hughairi.

Upande ule uliokatwa haukupotea. Geuza kurasa chache, ruka Mika, utaukuta kwa Nahumu. Na Nahumu anauelekeza kwa mji gani? Ninawi. Vitabu viwili, kwenye Biblia moja, karibu jirani, mji mmoja, kauli moja ya imani imekatwa katikati na kila mmoja amechukua kipande. Nahumu ni shairi la kushangilia kuanguka kwa Ninawi, ambayo kweli ilianguka mwaka 612 KK mikononi mwa Wababeli na Wamedi. Ni shairi kali. Ina vishindo vya magurudumu, farasi wanaoruka, maiti zisizohesabika. Kama shairi inashinda karibu kila kitu kilichomo kwa wale manabii kumi na wawili wadogo, na bado sijawahi kusikia mtu akihubiri Nahumu, hata mara moja, hata harusini ambapo watu huhubiri chochote.

Kitu kingine: vitabu hivi viwili vyote vinamalizika kwa swali. Yona kinaishia na Mungu akiuliza kwa nini asiuhurumie mji mkubwa kama ule. Nahumu kinaishia kwa kuuliza ni nani ambaye hajaonja ukatili wako usioisha. Swali la kwanza ni la hakimu. La pili ni la walalamishi. Waliokusanya Biblia waliyaacha yote mawili yakitazamana, na mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa mengi mengine.

Nina shangazi aliyekuwa na kisiagi huko Bonde la Ufa. Januari 2008 nyumba yake ilichomwa, na kabla ya kuchomwa, injini ya kisiagi ikabebwa. Alikaa kambini, baadaye akarudi, kwa sababu shamba ni lake na hakuwa na pengine pa kwenda. Injini hiyo iko palepale kijijini mpaka leo, kwa jirani, inasaga. Anasema anaijua sauti yake kama mtu anavyojua kikohozi cha babake. Yeye mahindi yake huyapeleka kusagwa sokoni, hulipa nauli ya pikipiki kwenda na kurudi, ili asije akalipia kusagiwa na mashine yake mwenyewe. Mwenye mashine ni mzee wa kanisa. Kanisa lao ni moja.

Kila uchaguzi ukikaribia wanaletewa mahubiri ya kusameheana. Mwaka mmoja mhubiri akatumia Yona, na huyo nampa sifa, alifika sura ya nne. Alisema wakristo wasiwe kama Yona, wasiwanunie watu ambao Mungu ameshawasamehe. Yaliyopita yamepita. Shangazi alichukua kibeti chake akatoka. Nilipomuuliza baadaye alisema, "Mimi sijakataa kusamehe, mwanangu. Nauliza tu, aliyeomba ni nani?"

Mhubiri wake alifika ya nne kwa kuiruka ya tatu. Na ya tatu ndiyo yenye jibu la shangazi, au angalau ndiyo inayolichukulia swali lake kwa uzito. Angalia mfalme wa Ninawi anavyofanya habari ikimfikia. Anainuka kwenye kiti cha enzi. Anavua joho. Anavaa gunia na kukaa kwenye majivu. Kisha anatoa amri, na katika amri hiyo analitaja kosa kwa jina lake: kila mtu aiache njia yake mbaya, na udhalimu ulio mikononi mwake. Mikononi. Hajasema udhalimu uliotokea. Hajasema yaliyojiri. Ameuweka mahali ulipo, kwenye viganja vya watu wake, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kukaa chini. Halafu anaongeza kwamba labda Mungu atahurumia, labda hatahurumia, nani ajuaye. Hadai msamaha kana kwamba ni mshahara wa mwisho wa mwezi.

Walimu wa kale wa Kiyahudi waliisoma sehemu hii kwa makini kuliko sisi. Waliona kwamba maandishi hayasemi Mungu aliona magunia na kufunga kwao. Yanasema aliona matendo yao. Tena Talmudi ya Babeli inamnukuu mwalimu mmoja, Shmuel, akifafanua kile kilichokuwa mikononi. Hata kama mtu aliiba boriti akaijengea jumba zima, anasema, alilibomoa jumba lote ili boriti imrudie mwenyewe. Talmudi nyingine, ya Yerusalemu, ina mwalimu anayebisha: kilichokuwa viganjani walirudisha, kilichokuwa ndani ya masanduku na makabati walibaki nacho. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaifikiria ile injini.

Kenya tumeshaombwa radhi na wakubwa, isemwe. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake kwa rais Mei 2013. Machi 2015 Uhuru Kenyatta alisimama Bungeni, akaomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani, na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Shangazi aliisikia hotuba hiyo redioni. Anaikumbuka vizuri. Mfuko wenyewe hajauona.

Kisha Mei 28, 2025, kwenye Maombi ya Kitaifa pale Safari Park, William Ruto aliwaomba radhi vijana. Alitanguliza neno kama. Kama kuna mahali tulikosea. Mwaka mmoja ulikuwa haujaisha tangu Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge na wengine kupigwa risasi barabarani mchana kweupe, huku simu zikirekodi. Sitaki kujifanya nasoma moyo wa mtu. Mimi ni msomaji wa maandishi, na maandishi yana sarufi. Mfalme wa Ninawi hakutumia kama kwa kosa. Aliitumia kwa msamaha. Labda Mungu atasamehe, lakini udhalimu upo, huu hapa. Pale Safari Park shaka ilihamishwa ikakaa upande wa kosa, na msamaha ndio ukawa jambo la hakika, limeshapangwa kwenye ratiba, kati ya wimbo na chai. Wiki mbili hazikuisha kabla ya mwalimu mmoja kijana kufa akiwa mikononi mwa polisi hapa Nairobi. Tazama hata Kiswahili chetu kinavyosema. Mikononi.

Siku hiyohiyo ya Maombi, huko Marekani, Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki. Sina haja ya kufanya ishara kutokana na hilo, ni tarehe tu. Lakini kwa kuwa tuko kwenye jarida la fasihi: A Grain of Wheat, riwaya yake ya 1967, inatupa mtu anayeitwa Mugo, ambaye kijiji kizima kinamwona shujaa na ndiye aliyemsaliti Kihika. Siku ya sherehe za Uhuru anasimama mbele ya umati na kusema ni yeye. Hana kama. Na Ngũgĩ hampi zawadi kwa kusema hivyo. Mugo anachukuliwa na kuhukumiwa. Nadhani Ngũgĩ, pamoja na ugomvi wake wote na kanisa, aliielewa sura ya tatu ya Yona kuliko maaskofu wengi niliowasikia. Kukiri kwa Mugo kunamgharimu Mugo. Huyu anayekiri kwenye hoteli anamgharimu mama aliyefiwa, kwa sababu tangu siku hiyo yeye ndiye atakayeonekana mbaya asiposahau.

Sasa nimrudie Yona, maana nimemtetea sana na kitabu chenyewe hakimwachi aondoke kirahisi hivyo. Baada ya kulalama anatoka nje ya mji, upande wa mashariki, anajenga kibanda, anakaa kivulini akingoja kuona mji utafanywa nini. Kibanda! Mtu amejitengea kiti cha kutazama moto. Mungu anamwoteshea mmea wa kumpa kivuli, Yona anafurahi sana. Kesho yake funza anautafuna, jua linampiga kichwani, Yona anataka kufa tena.

Kuhusu mmea huo, Biblia ya Union inasema mtango. Wengi wanadhani ulikuwa mbarika, ule mti wa mbegu za mafuta unaojiotea kando ya Mto Nairobi bila kupandwa na mtu. Jerome alipotafsiri Biblia kwa Kilatini alibadilisha mmea uliozoeleka akaweka mwingine, na waumini wa Oea, Tripoli ya leo, wakazua fujo kanisani hadi Augustine akamwandikia barua kumlalamikia. Watu walipigania jina la mmea. Juu ya huruma ya Mungu kwa wauaji, hakuna fujo iliyoripotiwa.

Lakini ni kwa mmea huu Mungu anajenga hoja yake, na ni hoja ambayo sikuitarajia. Hasemi watu wa Ninawi wamekuwa wema. Hasemi waliotundikwa Lakishi wasahauliwe. Hamtetei mfalme hata kwa neno moja. Anasema tu kwamba ndani ya mji huo kuna zaidi ya watu 120,000 wasioweza kutofautisha mkono wao wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi. Ni wachache kuliko watu wa Kibra tu, ambao sensa ya 2019 iliwahesabu 185,777. Wengi wamewasoma hao wasiojua mikono yao kuwa ni watoto, na mimi niko upande huo. Wengine wanasema ni wajinga wote kwa jumla. Vyovyote vile, Mungu anaongea juu ya walio ndani ya mji ambao hawakuchunga mkuki wala hawakuchora ukuta. Moto wa kutoka mbinguni hauna orodha ya majina. Ungewala na wao, na ng'ombe wao.

Hapo Yona ananipotea. Hasira yake naielewa. Kibanda chake sikielewi. Sisi tunajua moto usiochagua unafanya nini. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa na watu waliokimbilia humo, wanawake na watoto wengi miongoni mwao, na waliolichoma hawakuuliza ni nani ndani aliwahi kumkosea nani. Walikuwa wamehukumu kijiji. Yona pale kwenye kivuli chake anataka hukumu ya aina hiyo, ila ianguke kutoka juu ili mikono yake ibaki safi. Shangazi yangu, pamoja na uchungu wake wote, hajawahi kujenga kibanda. Hataki kijiji kiungue. Anataka injini.

Tofauti hiyo ndiyo naona kanisa letu limeshindwa kuisoma. Ukidai haki wanakusikia kama vile umedai moto. Ukisema jina la kosa wanakuita Yona. Huku mtaani tuna msemo wake, kubali yaishe, na wahubiri wameubatiza wakauita huruma. Kwenye kitabu chenyewe hakuna aliyekubali yaishe. Mungu anamuuliza Yona, tena mara mbili, kama hasira yake ni sawa. Anauliza, hamkemei. Mara ya kwanza Yona hajibu. Mara ya pili anajibu kwa ukali kwamba ndiyo, ni sawa, hata kufa. Na Mungu anaendelea kuongea naye. Hakuna mzee wa kanisa anayekuja kumshika bega atoke nje. Wayahudi wamekisoma kitabu hiki alasiri ya Yom Kippur, siku yao kubwa kuliko zote za toba, kwa karne nyingi, na ile hasira yote imo ndani ya usomaji huo, haijachujwa.

Kuna mahali pengine Ninawi inatokea, na ni hapo Mkristo angepaswa kutetemeka. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 12, Yesu anasema watu wa Ninawi watasimama siku ya hukumu pamoja na kizazi chake na kukihukumu, kwa sababu wao walitubu. Fikiria kidogo picha hiyo. Waliosamehewa wanaitwa kuwa mashahidi wa upande wa mashtaka. Wanashuhudia dhidi ya watu wa dini, waliokulia hekaluni, waliojua nyimbo zote. Na wana ushahidi gani? Kwamba mfalme wao aliinuka kwenye kiti, akavua joho, akataja kilichokuwa mikononi. Na kwamba alifanya hayo bila kuwa na uhakika wa chochote, baada ya mahubiri ya maneno matano kutoka kwa mtu aliyewachukia. Sisi tumehubiriwa miaka mingapi, tena kwa spika?

Kati ya Yona na Nahumu kuna Mika peke yake. Yona kina aya 48, Nahumu 47. Ukipanda matatu ya Thika Road saa kumi na mbili jioni utavimaliza vyote viwili kabla hamjatoka Pangani. Anza na Nahumu.